Kudonoana kwa kuku wa mayai: urithi, msongo na manyoya yanayopotea. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kudonoana kote ni kumoja?

Hapana, na wafugaji wengi hukosea hapa mwanzoni kabisa. Kuna kudonoana kwa ugomvi: kuku anampiga mwenzake kichwani au kwenye upanga, uso kwa uso, ili ijulikane nani mkubwa. Cheo kikishajulikana, banda linatulia.

Kunyofoana manyoya ni jambo lingine. Simama bandani kimya kwa dakika 10 utazame. Mnyofoaji hana hasira hata kidogo. Anamfuata mwenzake polepole kwa nyuma, anageuza kichwa kuutazama unyoya kwa jicho moja, anaushika pale juu ya mkia penye tezi ya mafuta, anauvuta kwa nguvu na kuumeza. Anayenyofolewa anapiga kelele fupi na kukimbia, na mwingine anakuja kuangalia palipobaki wazi. Damu ikitoka, ngozi nyekundu inawavuta wote, na hapo ndipo kuku wanaanza kulana.

Aina ya tatu ni kudonoa tundu la haja. Hii hutokea zaidi kuku wanapoanza kutaga, kwa sababu baada ya yai kutoka, nyama laini ya ndani hubaki nje kwa muda mfupi. Kiota chenye mwanga mwingi huionyesha nyama hiyo kwa wote. Vifaranga nao hudonoana vidole, hasa wakiwa na njaa au joto likizidi.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu kila aina ina chanzo chake. Ukimuuza yule mgomvi wa kichwani ukadhani umemaliza tatizo, mnyofoaji mpole bado yumo ndani.

Nitajuaje mapema kabla sijaona damu?

Angalia chini. Kuku hupukutisha manyoya madogo kila siku, kwa hiyo maranda ya banda lenye afya huwa nayo. Ukikuta maranda safi yasiyo na unyoya, maana yake kuna wanaoyala. Dalili hii hutangulia vidonda kwa siku au hata wiki.

Kisha kamata kuku 20 hadi 50 kutoka pembe tofauti za banda, usiwachukue wale wa mlangoni peke yao, na ukague shina la mkia, mgongo na eneo la tundu la haja. Fanya hivyo kila baada ya wiki 4, na kila wiki kati ya wiki ya 16 na ya 26, maana huo ndio wakati wa hatari kubwa.

Ni tabia ya kurithi kweli, au ni banda baya?

Vyote viwili, na sehemu ya urithi imepimwa. Kiwango cha urithi cha tabia ya kunyofoa manyoya katika tafiti nyingi huangukia kati ya 0.1 na 0.4, kutegemea umri wa kuku na namna walivyohesabiwa. Tuseme ni 0.2. Hapo ni kwamba, katika kundi lililopimwa, sehemu moja kati ya tano za tofauti baina ya kuku na kuku inatokana na vinasaba vinavyopitishwa kwa watoto. Zinazobaki ni malezi, chakula, mwanga, majirani na bahati. Haina maana kwamba asilimia 20 ya kuku wako ni wanyofoaji.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Denmark. Miaka ya 1990 watafiti walichukua kuku weupe wa mbegu ya Leghorn wakawagawa koo mbili: ukoo mmoja walizalisha kutoka kwa kuku wanaonyofoa sana, mwingine kutoka kwa wanaonyofoa kidogo. Baada ya vizazi vichache tu koo hizo zilikuwa zimeachana waziwazi, zikiishi katika mazingira yaleyale na kula chakula kilekile. Baadaye zilihamia Chuo Kikuu cha Hohenheim nchini Ujerumani, ambako zimechunguzwa kwa miaka mingi. Tabia isiyorithiwa kabisa haiwezi kuachana namna hiyo.

Jambo moja katika koo hizo linafaa kukumbukwa bandani. Wanyofoaji wakubwa hutembea zaidi, hawatulii, na kasi hiyo huonekana mapema maishani. Pia mzigo haugawanyiki sawa: kuku wachache hufanya sehemu kubwa ya kunyofoa kukali, na wengi hawafanyi kabisa. Wachache hao ndio moto, wanaojifunza kwa kuiga ni kuni.

Kwa hiyo kuna jeni ya kudonoana?

Hakuna jeni moja. Kuku ana kromosomu 78, na tabia hii inagusa sehemu nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Zilizotajwa ni pamoja na jeni DRD4, inayohusiana na dopamini, DEAF1, inayohusiana na serotonini, na HTR2C, ambayo ni kipokezi cha serotonini. Dopamini na serotonini ni kemikali zinazopitisha ujumbe ubongoni. Kazi ya Hohenheim imeelekeza macho pia kwenye mfumo wa GABA, yaani breki ya ubongo.

Mtu akikuambia ana kipimo cha damu kitakachokuonyesha kifaranga mkorofi kwa jeni moja, mshukuru na uondoke. Kampuni kubwa za mbegu hutumia maelfu ya alama za vinasaba kwa pamoja, zikiunganishwa na kumbukumbu za familia nzima.

Msongo unaingia wapi?

Kuku akitishika, ubongo huamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo hutoa kotikosteroni. Hiyo ndiyo homoni kuu ya msongo kwa ndege. Ikipanda kwa dakika chache si tatizo. Ikikaa juu kwa wiki, inaharibu kinga, inapunguza mayai na inabadilisha tabia. Watafiti wamewahi kuwapa kuku kotikosteroni kwenye chakula bila kubadilisha kitu kingine, na kunyofoana kukaongezeka. Hapo msongo ni chanzo, na kisha kunyofolewa nako kunaleta msongo. Gurudumu linajizungusha lenyewe.

Upande wa ubongo kuna serotonini. Vifaranga wa koo za wanyofoaji huwa na matumizi ya chini ya serotonini kuliko wenzao wapole. Dawa iliyoipunguza zaidi iliongeza kunyofoa. Chakula chenye triptofani ya gramu 20 kwa kilo, wakati cha kawaida huwa na kama gramu 1.6, kilipunguza ile midono ya upole, ya ncha ya mdomo tu. Dozi hiyo ilikuwa ya maabara, usiiige. Ila kumbuka kwamba mahindi yana triptofani kidogo sana. Chakula kilichojaa mahindi na pumba, soya na dagaa vikiwa vya kuonja tu, kinamnyima kuku malighafi ya serotonini. Kuku akifika utu uzima picha ya ubongo hubadilika, na wanyofoaji huweza kuonyesha matumizi ya juu badala ya ya chini. Ndiyo maana kuku asiyelelewa vizuri hatengenezwi kwa chupa ya vitamini akiwa na wiki 30.

Woga nao unarithiwa kwa kiasi cha kutosha. Hupimwa hivi: kuku analazwa chali kwenye sehemu yenye umbo la U, anashikwa kifuani kwa sekunde 10, anaachiwa, kisha zinahesabiwa sekunde hadi asimame. Mwoga hubaki ameganda hata dakika 5. Mtulivu hushangaa kidogo akainuka. Si kuku wote waoga huwa wanyofoaji, lakini kundi lililolelewa kwa hofu huwa katika hatari zaidi.

Msongo wa wazazi unaweza kumfikia kifaranga?

Unaweza, na si kwa vinasaba peke yake. Mama aliye na msongo huweka homoni tofauti ndani ya yai. Nchini Sweden, timu ya Chuo Kikuu cha Linköping ilitoa matokeo mwaka 2007: kuku wa Leghorn walioishi na ratiba ya mwanga isiyotabirika walipungukiwa uwezo wa kujifunza, na watoto wao, ambao hawakuwahi kuiona ratiba hiyo, walionyesha udhaifu uleule. Kuku mwitu wekundu, babu wa kuku wote wa kufugwa, hawakuurithisha.

Kwa mnunuzi wa vifaranga wa siku moja, hii inaongeza swali halali la kumuuliza muuzaji: kuku wazazi wana umri gani, na wana manyoya?

Kwa nini kuku wa mayai mengi mara nyingi ndio wakali?

Hapa ndipo sayansi ya uzalishaji ilipojikwaa yenyewe. Kwa miongo mingi kuku alichaguliwa peke yake: aliyetaga zaidi ndiye akawa mzazi. Lakini anayetaga zaidi ndani ya kizimba chenye wenzake anaweza kuwa ndiye anayewanyang'anya chakula na kuwatesa.

Chukua mfano rahisi. Kizimba kina kuku 9. Mmoja anataga mayai 10 zaidi ya wastani, ila kwa fujo zake kila mmoja wa wenzake 8 anapoteza mayai 2. Kwenye daftari anaonekana bingwa. Hesabu halisi ni 10 kutoa 16: kizimba kimepoteza mayai 6. Ukizalisha kutoka kwake, kizazi kijacho unajaza kizimba kwa mabingwa 9 wa aina hiyo.

William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aligeuza hesabu. Aliwaweka ndugu pamoja katika vizimba vya kuku wengi, bila kuwakata midomo, kisha akachagua au kuacha familia nzima kufuatana na uhai na mayai ya kizimba. Matokeo aliyochapisha mwaka 1996 bado yanashangaza: vifo kwa mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 katika kizazi cha 2 hadi asilimia 8.8 katika kizazi cha 4. Hicho kilikuwa karibu sawa na vifo vya kuku wa kawaida waliofungwa mmojammoja, asilimia 9.1.

Baada ya hapo watafiti wa Wageningen, Uholanzi, waliingiza wazo hilo kwenye hesabu rasmi: kila kuku ana thamani mbili za urithi, moja kwa uhai wake mwenyewe, nyingine kwa uhai wa majirani zake. Ukipima ya kwanza tu, uhai unaonekana kama unarithiwa kidogo tu. Ukiongeza ya pili, tofauti za kurithi zinaongezeka sana katika baadhi ya koo. Sisi tunaona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ukurasa huu.

Rangi ya kuku inahusika?

Inahusika, na upande wa anayenyofolewa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004 ulichanganya Leghorn weupe na kuku mwitu wekundu. Walionyofolewa zaidi ni wenye manyoya ya rangi ya asili. Wale wenye aina ya jeni PMEL17 inayozima rangi nyeusi, yaani weupe, walikuwa salama zaidi. Tena madhara yalizidi pale wenye rangi ya asili walipokuwa wengi kiasi katika kundi.

Kati ya mbegu za kibiashara, weupe kwa kawaida ni wepesi wa kushtuka na kuruka, huku wa kahawia wakimsogelea mtu lakini wakiwa na ubabe zaidi baina yao. Hakuna upande ulio salama kabisa. Wanaotaga mayai ya kahawia wanaotawala mabanda ya Kenya na Tanzania, kama ISA Brown na Lohmann Brown, ni mchanganyiko wa koo nne, na tabia yao imetengenezwa na mashamba ya wazazi yaliyo mbali na banda lako. Soma mwongozo wa mbegu uliyonunua, hasa uzito wa kila wiki na ratiba ya mwanga.

Kukata midomo si kunamaliza tatizo?

Kunapunguza madhara. Hamu ya kunyofoa inabaki ilipokuwa, kuku amepokonywa kisu tu. Norway, Finland na Sweden ziliacha zamani. Ujerumani wafugaji walikubaliana kuacha kuweka kuku waliokatwa kuanzia mwaka 2017, na Uholanzi ilipiga marufuku mwaka 2018.

Kama bado unakata, iwe kwa miale ya infraredi siku ya kwanza kwenye kiangulio, au kwa wembe wa moto kati ya siku ya 7 na ya 10. Usizidi theluthi ya mdomo. Yanayoharibika ni haya: wembe uliopoa huchana badala ya kuziba, damu inatoka, ukataji wa ndani sana huacha uvimbe wa mishipa ya fahamu unaoweza kuuma maisha yote, mdomo wa chini ukiachwa mrefu, kuku anachota chakula kama kijiko na kukimwaga. Weka vitamini K kwenye maji siku 2 kabla na siku 2 baada, na jaza vyombo vya chakula kwa kina ili mdomo wenye kidonda usigonge bati. Kukata kuku mkubwa ambaye tayari anadonoana, tunashauri usifanye.

Wiki za mwanzo zifanyweje?

Nguvu ziweke hapa. Kifaranga akijifunza kudonoa ardhi, hamdonoi mwenzake.

Weka maranda makavu tangu siku ya kwanza. Wengi hutandika magazeti wiki nzima. Siku 2 au 3 zinatosha, na tupia chakula kidogo juu ya maranda ili waanze kuchakura. Tengeneza pia sehemu ya giza yenye joto: kibanda cha chini chenye mapazia ya kitambaa kizito yaliyochanwa vipande, taa au jiko likipasha juu yake. Vifaranga wanaolala huko, kama chini ya mama, hawadonolewi na wanaoamka mapema, na kundi hilo hunyofoana kidogo hata likikua. Angalia tu wasibanane pembeni, na moto usiguse kitambaa.

Vichanja viwekwe kuanzia wiki ya 2 au ya 3, sentimita 20 hadi 30 kutoka chini. Pima uzito wa kuku 50 kila wiki. Asilimia 80 wawe ndani ya asilimia 10 ya wastani. Wanaoachwa nyuma ndio watakaonyofolewa, na wanaoharakishwa kwenye mwanga wa kutagia kabla hawajafikia uzito wa mbegu yao hutokeza nyama ya ndani wanapotaga, kisha wanadonolewa.

Chakula kibadilishwe vipi?

Kuku anayetaga anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 17, methionini (moja ya viungo vinavyojenga protini) karibu asilimia 0.4, na chumvi kama gramu 300 kwa kila kilo 100 za mchanganyiko. Ukitumia dagaa waliotiwa chumvi, punguza hiyo. Chumvi ikipungua, wanaanza kutafuta ladha ya damu na manyoya. Ikizidi, wanakunywa sana, kinyesi kinakuwa maji, maranda yanaganda, kuchakura kunakwisha, na wanageukiana. Njia mbili, mwisho mmoja.

Nyuzinyuzi ngumu hupuuzwa mno. Kuku mla manyoya hutumia unyoya tumboni kama nyuzinyuzi. Ulaya hutumia maganda ya shayiri. Kwetu mashudu ya alizeti yenye maganda, yanayojaa Singida na Dodoma, hufanya kazi hiyo. Chakula cha unga kiwe chenye chembechembe: kinachukua muda kuliwa kuliko vidonge, na muda wa kula ni muda wa kutonyofoa.

Badilisha aina ya chakula kwa siku 7, ukiongeza kipya kidogokidogo. Kubadilisha kwa siku moja, wiki ileile wanayohamishwa na kuanza kutaga, ni kuwasha kiberiti.

Imeanza leo. Nifanye nini?

Kwanza toa wote wenye damu, na mizoga yote. Paka vidonda GV, ile dawa ya zambarau: inakausha na kuficha wekundu. Kuku akishakuwa na kidonda kikubwa kwenye tundu la haja, chinja, hatapona bandani.

Pili, punguza mwanga. Tundika magunia au neti ya kivuli upande wa jua. Angalia hasa miale inayopenya kwenye mabati yenye matundu. Kuku wakikusanyika kwenye doa la jua, ngozi inang'aa na kudonoana kunaanzia hapo.

Tatu, kabla ya jioni tundika majani: sukuma wiki, kabichi nzima, mchicha, kwa urefu wa jicho la kuku, fungu moja kwa kila kuku 50 hivi, sehemu nyingi ili wababe wasimiliki. Geuza maranda yaliyoganda.

Nne, tafuta chanzo. Hesabu nafasi: kiwango cha Ulaya hakizidi kuku 9 kwa mita moja ya mraba, kiota kimoja kwa kuku 7, kichanja sentimita 15 kwa kila kuku. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa weka kuku 5 au 6 kwa mita moja ya mraba. Usiku chunguza nyufa za vichanja kwa tochi: utitiri mwekundu hutoka gizani kunyonya, na kuku asiyelala hawezi kutulia mchana.

Tano, keti utazame. Wavishe pete mguuni wale 2 au 3 wanaorudia, uwatenge. Walionyofolewa wasirudi hadi kidonda kifunge, na warudishwe usiku.

Usidharau hasara ya walio uchi. Kwenye baridi ya Njombe, Mbeya au Limuru kuku asiye na manyoya hula zaidi ili apate joto tu, na chakula hicho hakirudi kama yai.

Naweza kuzalisha kuku wapole mwenyewe?

Kutoka kwa kuku wa kibiashara, hapana. Watoto wa mchanganyiko wa koo nne hutawanyika, hutajua unapata nini. Kwa kuku wa kienyeji inawezekana, kwa sharti kwamba uchague familia badala ya kuku mmoja.

Tenga jogoo 6, kila mmoja na mitetea yake 8. Vifaranga wa kila jogoo wavishe pete za rangi yao na uwalee ndugu pamoja, bila kukata midomo, vyumba vikiwa na ukubwa na mwanga sawa. Andika idadi walioanza, waliokufa na sababu, mayai ya chumba kwa wiki, na alama ya manyoya ya mgongoni kutoka 0 (yamejaa) hadi 4 (uchi) kwa wiki ya 20, 30 na 40. Familia 2 zenye uhai na manyoya bora zitoe wazazi wote wa kizazi kijacho, hata kama kuku aliyetaga kuliko wote yuko chumba kingine. Jogoo wa familia moja apande mitetea ya nyingine ili ndugu wasizaane, na kila baada ya vizazi 2 lete jogoo kutoka nje, ukimtenga wiki 3 kwanza kwa ajili ya magonjwa.